Kifaransa kwanza, vumbi baadaye

Makala kuhusu wanafunzi wa field (mafunzo kwa vitendo) kwenye nyaraka za misheni ni nzuri, ila mwandishi kalipitia juujuu suala la lugha. Huku kwetu Mikese tuko jirani na misheni za Tununguo (1884) na Matombo (1897). Mapadre wa Roho Mtakatifu waliozifungua waliandika shajara zao kwa Kifaransa, na nyaraka nyingi za shirika ziko Chevilly, karibu na Paris. Sasa mwanafunzi wa field asiyejua hata "baptisé" (aliyebatizwa) atapanga mafaili na kupangusa vumbi tu, basi! Afundishwe kusoma ile miandiko ya wino, kisha aanze na vitabu vya ubatizo, maana humo ndimo walimo babu zetu Waluguru, na wazazi na wasimamizi wao. Na nakala za nyaraka za Chevilly ziletwe parokiani, kwenye kabati la chuma tafadhali. Mchwa wa huku hawachagui kitabu.