Nesi mjamzito anambeba baba yako, wewe umekaa kwenye benchi!

HEBU ndugu yangu wa kijiweni, weka kando kwanza ubishi wa Simba na Yanga nikuulize jambo moja. Umewahi kupeleka mgonjwa hospitali ya serikali usiku, ukakaa naye mpaka akapewa kitanda? Kama umewahi, huenda ulimwona yule dada wa gauni jeupe, tumbo limemtangulia, mimba ya miezi minane. Saa 4 za usiku amemkumbatia mzee aliyepooza, mwenye kilo 70, anamvuta arudi kwenye mto. Anahema, anashika kiuno, kisha anakwenda kitanda kinachofuata.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye benchi na chupa yako ya uji, unamnong'oneza mwenzako: "Manesi wa hapa wana kiburi, halafu mwendo wa kinyonga!"

Leo tuambiane ukweli, maana yule dada ni mke wa mtu kama wewe. Pengine ni dada yako. Pengine mwakani atakuwa mkeo.

Tuanze na hesabu ndogo. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia. Zamu ya usiku ya saa 12 ina mageuzo sita kwa kila mgonjwa. Wodi ikiwa na wagonjwa kumi wa aina hiyo, ni mageuzo 60 kabla jua halijachomoza. Hapo hujahesabu kuwapandisha kwenye machela, kuwaosha, kubeba ndoo za maji na kusukuma mtungi wa oksijeni.

Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walishasema kuwa mtu mmoja, hata akiwa mzima na hana mimba, asinyanyue mgonjwa kwa mikono ikiwa uzito unaomwelemea unapita kilo 16. Mguu mmoja tu wa mwanamume wa kilo 70 una kilo kama 11! Sasa yule dada anayenyanyua kiwiliwili kizima peke yake, tumwite nani? Winchi ya bandarini?

Mimba nayo huubadilisha mwili. Viungo vya nyonga na mgongo hulegea kujiandaa kwa uzazi. Tumbo linamzuia kumsogelea mgonjwa, kwa hiyo mzigo unakaa mbali na kifua na uti wa mgongo unabeba zaidi. Mizani ya mwili inahama, kuteleza kunakuwa rahisi. Halafu kuna eksirei na dawa za saratani, vitu ambavyo mama mjamzito hatakiwi kuvikaribia bila kinga ya uhakika.

Usiku nao una hatari zake. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 22,000 wenye mimba, wengi wao wafanyakazi wa hospitali. Ulionyesha kuwa waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku katika wiki moja, baada ya wiki ya 8 ya mimba, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya mimba kuharibika wiki iliyofuata.

Utasema: "Kwani nchi hii haina sheria?" Ipo, tena nzuri kwa kuisoma! Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na huku Bara inaibana hata serikali yenyewe. Kifungu cha 20 kinakataza mjamzito kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Kwa maana hiyo, yule dada wa miezi minane kuwapo wodini saa 4 za usiku ni sheria kuvunjwa mbele ya macho yako. Na aliyeivunja ni yule aliyempanga zamu.

Kifungu cha 33 kinamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kinamtaka ampe kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza. Lakini humo humo wakachomeka neno moja: "ikiwezekana." Hapo ndipo mchezo ulipo, ndugu yangu! Wodi ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Huyo muuguzi akihamishiwa mapokezi, nani abaki na wagonjwa 40? Mkuu wa wodi atajibu, tena bila kusema uongo: "Haiwezekani." Na sheria inafia pale pale.

Kwa nini haiwezekani? Mwaka 1993, kwa shinikizo la wakopeshaji, serikali ilifunga mlango wa ajira, na mlalahoi akaanza kuchangia gharama za matibabu. Wauguzi waliotoka vyuoni miaka ile wakaishia mitaani huku wodi zikilia. Mwaka 2016 ajira zikasimamishwa tena kwa maelezo ya kuhakiki watumishi hewa. Baadaye ziliendelea, lakini pengo halijazibwa. Hewa walitafutwa kwenye karatasi, mzigo akabebeshwa aliye hai!

Vigogo wetu hawalijui hili kwa sababu hawalazwi huko. Akiumwa kichwa, yuko kwenye ndege kwenda India. Huko anakuta kitanda kinachopanda na kushuka kwa kubonyezwa na vijana wanne wa kumbeba. Akirudi anahutubia siku ya wauguzi na kuwaambia wawe na moyo wa wito. Wito gani unaoharibu mimba za watu?

Usidhani sheria yenyewe imekamilika. Katazo la usiku linaanza miezi miwili ya mwisho, wakati hatari ya mimba kuharibika iko zaidi mwanzoni, tumbo likiwa halijaonekana. Kuna njia moja ambayo wengi hawaijui. Mjamzito akileta cheti cha daktari kinachosema hafai tena kwa kazi ya usiku, anatolewa zamu hiyo hata kabla ya miezi miwili hiyo. Mwambie mkeo leo. Asisubiri mpaka aone damu.

Mwambie pia likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi akiwa ananyonyesha, ana haki ya hadi saa 2 kila siku ya kazi za kumnyonyesha mtoto. Kumfukuza kwa sababu ya mimba si halali. Akifukuzwa na hospitali binafsi, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, asikae nyumbani analia. Na TUGHE wanaokata michango ya wanachama kila mwezi, waulizwe wamezikagua ratiba za zamu katika wodi ngapi.

Wewe kidume nawe una siku zako tatu za likizo ya uzazi zenye malipo, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Zipo kwenye kifungu cha 34. Zichukue ukafue nepi, usizipeleke baa.

Na ukimpeleka mgonjwa wako hospitali, acha mdomo, toa mikono. Muulize nesi: "Dada, nishike wapi?" Yeye aongoze, wewe ubebe. Shuka ikunjwe chini ya mgonjwa, mmoja huku na mwingine kule, magoti yakunjwe, mgongo usipindishwe, na mzee avutwe kwa shuka badala ya kunyanyuliwa kwa makwapa. Kama wewe mwenyewe ni muuguzi wa kiume, chukua upande mzito bila kuombwa.

Lakini tusidanganyane. Mikono yako ni msaada wa usiku mmoja, haiwezi kugeuka ajira ya serikali. Kwa hiyo mgombea akija mtaani kwako na fulana na kofia, usimuulize atakupa nini. Muulize wodi ya hospitali yenu ina wauguzi wangapi usiku, na wangapi kati yao ni wajawazito. Akikosa jibu, mrudishie kofia yake.