Makadirio ya Unene na Haki ya Mnyonge

Katika jamii zetu nyingi kitambi kimekuwa kama cheti. Aliyenenepa husifiwa kwamba ametunzwa na mambo yake ni mazuri. Aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Sisi mapadre tunalo la kuungama hapa, kwani kila nyumba tunayoitembelea hututengea sahani iliyojaa, na kuikataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Tunalisema mapema, asije mtu akadhani kwamba tunawanyoshea wengine kidole.

Nia yetu leo ni kuzungumzia hesabu. Siku hizi wataalamu hukadiria ni watu wazima wangapi wa taifa fulani watakuwa na unene uliokithiri baada ya miaka kumi, ishirini au thelathini. Makadirio hayo hufika magazetini yakiwa yamegeuka kuwa hukumu: taifa hili limekwisha, watu wake hawajui kujizuia. Tunathubutu kusema kwamba usomaji wa namna hiyo una makosa ya hesabu, na zaidi ya hayo una dhuluma ndani yake.

Kwanza kipimo. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 30, huitwa unene uliokithiri. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia hapo akiwa na kilo 77 hivi.

Sasa tuitazame Marekani, ambako hesabu hizi zimefanywa mara nyingi kuliko kwingi, tena juu ya mwaka mmoja, 2030. Mnamo mwaka 2008 kundi moja la watafiti lilichukua takwimu zilizokusanywa tangu miaka ya 1970, likaurefusha mwelekeo wake mbele, likapata kwamba asilimia 51 ya watu wazima wangekuwa na unene uliokithiri. Wakiendelea kuuvuta mstari uleule, ilionekana kwamba ifikapo mwaka 2048 kila Mmarekani mtu mzima, pasipo kubaki hata mmoja, angekuwa na uzito uliozidi. Na wanawake weusi wangefika huko mapema zaidi, mwaka 2034. Hata mwanafunzi wa shule ya msingi angeuliza: je, wakimbiaji wa mbio ndefu? Je, wagonjwa waliodhoofu? Watafiti wenyewe walitanguliza neno “iwapo”. Kwa bahati mbaya, hilo ndilo neno linalodondoka njiani kwanza.

Mwaka 2012 kundi jingine lilikataa kutegemea mstari mnyoofu peke yake. Liliingiza katika hesabu bei ya vyakula vya haraka, wingi wa mikahawa, bei ya petroli, ukosefu wa ajira na hata matumizi ya intaneti. Likapata asilimia 42. Tofauti ya asilimia 9 katika taifa kubwa kama lile ni mamilioni ya watu, na imetokana na uamuzi wa mtafiti juu ya nini kihesabiwe na nini kiachwe.

Mwaka 2019 likaja kundi la tatu, likatumia majibu ya watu zaidi ya milioni sita. Watu hao waliulizwa uzito wao kwa simu, na binadamu akiulizwa kwa simu hujipunguzia kilo na kujiongezea urefu. Kwa hiyo majibu yalirekebishwa kwa kulinganishwa na watu waliopimwa kwa mizani. Jibu lilikuwa karibu asilimia 49. Kundi hili lilisema pia kwamba mtu mzima mmoja kati ya wanne angekuwa na unene mkali, ilhali lile la mwaka 2012 lilisema asilimia 11 tu. Msomaji wa haraka angeshtuka kwamba maafa yameongezeka maradufu ndani ya miaka saba. La hasha! Hawa walianza kuuita mkali ukifika 35, wale ukifika 40. Kwa yule mama wetu ni tofauti kati ya kilo 90 na kilo 102.

Na ukweli umekuwaje? Vipimo rasmi vya Marekani vilionyesha asilimia 42.4 mwaka 2017 hadi 2018, na asilimia 40.3 kati ya Agosti 2021 na Agosti 2023. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitangaza kuwa ushindi. Aidha, mwaka 2021 iliidhinishwa huko sindano mpya ya kupunguza uzito, ambayo hakuna hata moja ya hesabu hizo tatu iliyoijua. Bei iliyotangazwa ilipoanza kuuzwa ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Mwenye kulipia atapungua; asiye nacho atabaki, kisha ataulizwa kwa nini hajitahidi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Makadirio ya mwaka 2019 hayakuishia kwenye wastani wa taifa. Yalionyesha kwamba miongoni mwa Wamarekani wa kipato cha chini, karibu mmoja kati ya watatu angekuwa na ule unene mkali, na hali ni hiyohiyo miongoni mwa watu weusi. Je, tuamini kwamba ulafi huchagua watu kwa mshahara na rangi ya ngozi? Mtu anayefanya kazi mbili, anayeishi mtaa ambao soda iko karibu kuliko mboga, hali kwa uchoyo. Anakula kile kilichowekwa mbele yake kwa bei anayoiweza, na waliokiweka wanapata faida.

Kwa nini tuwasumbue wasomaji kwa mambo ya ng'ambo? Kwa sababu hesabu za namna hiyo zinafanywa juu yetu pia. Hapa Tanzania, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004/05, na asilimia 28 mwaka 2015/16. Chukua rula uuvute mstari: mwaka 2050 utapata karibu asilimia 60. Ni kazi ya dakika moja. Lakini rula haisemi kwamba kwetu unene bado unaandamana na mji na pesa, wala haisemi ni lini utahamia kwa maskini kama kule. Tena haioni kwamba mwaka 2022 watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, pengine katika nyumba ileile ambamo mama amenenepa kwa ugali, chai ya sukari na mafuta ya kukaangia.

Basi, makadirio yakitufikia, tuyaulize maswali. Ni kipimo kipi kimetumika? Ni nani aliyepimwa, na ni nani aliyeulizwa tu? Je, bei ya maharage na ya soda imo ndani ya hesabu hiyo? Na katika parokia zetu, kabla ya kumhubiria mama huyo habari za kiasi, twende kwanza tukatazame kinachouzwa kwenye lango la shule anakosoma mwanawe, na ni nani anayepokea kodi ya kibanda kile.