Kaske nayo inazeeka

Bandugu wachimbaji wa Likasi, na nyinyi wamama munaotungojea ku nyumba, leo tuongee juu ya kaske. Kwanza muigeuze, muangalie ndani. Mara nyingi mutakuta herufi ABS ao PEHD, na duara ndogo yenye mushale unaoonyesha mwaka na muda iliyotengenezwa. Ile ndiyo siku yake ya kuzaliwa.

ABS si plastiki ya chupa ya maji. Ni kopolima: wanakemia wameunganisha vitu vitatu kuwa kimoja. Akrilonitrili inavumilia dawa kali, stireni inaleta ugumu, na butadieni, ndugu ya mpira, inapokea pigo la jiwe. Lakini butadieni ndiyo jua linaila mbele. Ndiyo maana kaske inayoshinda kiangazi chote mu kariere, ao nyuma ya kioo cha kamyo, inapauka, inakauka, mwisho inapasuka sawa sahani. PEHD ni ya ukoo mwingine, lakini nayo jua linaichosha.

Mwenzetu mumoja aliingia kazi kwa kampuni moja inayokodisha watu. Siku ya kwanza akapewa kaske ya muzee aliyekwenda pensheni, imepakwa rangi mupya. Akauliza tarehe. Wakamujibu: «Kaske aina tarehe, iko paka plastiki. Ukikataa, wengine wako ku mulango.» Aliivaa, sababu watoto wanapaswa kula. Na rangi ile ni hatari mara mbili: dawa za kuiyeyusha zinaweza kula ABS, tena inaficha nyufa.

Wakubwa wanatuambia kaske mupya ni gharama. Wanaopima shaba na kobalti kilo kwa kilo, watashindwa kuhesabu miaka ya kaske? Viwanda vinavyozitengeneza vinaandika muda wake kwenye karatasi inayokuja nazo. Karatasi ile inabakia wapi?

Siye pia tuna kosa. Tunaikalia kaske, tunaitoboa ili hewa ipite, tunachotea maji. Tuache.

Sheria ya kazi ya 2002 inataka komite ya usalama na usafi mu kazi. Basi delege, mu kikao kinachokuja, leta daftari: jina la mufanyakazi, tarehe ya kaske, siku aliyopewa. Tudai mambo matatu. Iliyopita muda ibadilishwe bila kukata mushahara. Iliyopigwa na jiwe itoke, hata kama ufa hauonekani. Na zote zilizotoka zikatwe vipande mbele ya macho yetu, zisirudi ku magazini kupakwa rangi.

Wa kontra ya siku chache wahesabiwe sawa na wengine. Jiwe halisomi kontra.

Mama, baba akirudi leo jioni, umuombe kaske, usome tarehe pamoja na watoto. Kaske tunaweza kupata ingine. Kichwa aina piesi ya kubadilisha.