Mipaka ya Shule Ipimwe Masika

Ndugu zangu wa mwambao na wa milimani, wazazi wenzangu wa Wilaya ya Nyasa, nina neno nanyi juu ya jambo ambalo huwa tunalikumbuka likiwa limekwisha kuharibika. Shule mpya ya sekondari inapojengwa, hangaiko letu lote huwa ni tofali, bati, choo na madawati. Tunasomba mchanga, tunaponda kokoto, na siku ya kuifungua tunapokea wageni kwa ngoma. Kisha Desemba yanatoka majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na mama aliyebeba ndoo za maji ya ujenzi anaambiwa mwanawe hakupangwa pale. Amepangwa shule ya zamani, ng'ambo ya mto. Akiuliza sababu, anajibiwa: kijiji chako kiko kata nyingine.

Jibu hilo ndilo ninalotaka tulipinge, kwa adabu lakini bila kuchoka.

Kwanza tuelewane namna mambo yanavyokwenda, maana wengi wetu hudhani majina hushuka kutoka Dodoma kama mvua. Watoto wanaofaulu darasa la saba kwa alama za juu kabisa, nao ni wachache, hupelekwa shule za bweni. Waliobaki, ambao ndio umati wenyewe, hupangiwa shule za kutwa. Mpango huo wa kutwa hautazami nyumba ya mtoto ilipo. Hutazama shule ya msingi aliyosoma. Kila shule ya msingi imeambatanishwa na sekondari fulani, mara nyingi ile ya kata yake, na mapendekezo hayo hupita wilayani na mkoani kabla TAMISEMI haijatangaza. Kwa hiyo ukitafuta mpaka wa shule ardhini hutauona. Mpaka huo ni orodha ya majina ya shule za msingi, imeandikwa na watu, na watu wanaweza kukaa tena wakaiandika upya.

Kata ilipataje kuwa ukuta wa elimu? Mwaka 2004 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, shule za sekondari nchini zilikuwa chache mno. Baada ya uchaguzi wa 2005 Waziri Mkuu Edward Lowassa akahimiza kwa nguvu kila kata iwe na sekondari yake. Ilikuwa kazi kubwa, nami siibezi hata kidogo. Watoto wa wavuvi, ambao wazazi wao hawakupata kuvaa sare ya sekondari, waliingia darasani kwa wingi. Lakini kata ilichukuliwa kwa sababu ndiyo iliyokuwapo: ina diwani, ina mtendaji, ina kamati ya maendeleo ya kuwahimiza watu wachange. Kata ni kipimo cha kura na cha michango. Aliyeichora hakuwa akimwaza binti wa miaka kumi na minne mwenye madaftari kwenye mfuko wa nailoni, mvua ikimpiga mgongoni.

Na kwetu mvua ndiyo jambo lenyewe. Muhula wa kwanza huanza Januari, masika yamekwisha kukolea. Tazameni nchi yetu ilivyo. Milima inashuka hadi karibu na maji, vijiji vimejibana kwenye vipande vya ufukwe kati ya jabali na jabali, na kila baada ya mwendo mfupi kuna kijito kinachotoka mlimani kwenda ziwani. Agosti mtoto hukiruka kijito hicho akicheka. Februari mtoto huyohuyo husimama ukingoni, viatu mkononi, akingoja mtu mzima wa kumvusha. Mto kama Ruhekei hauhitaji maelezo kwa wenyeji. Kule kaskazini, Lituhi, waliozaliwa kando ya Ruhuhu wanaujua kwa mamba wake. Na anayedhani atakwepa njia ya nchi kavu apite majini kwa mtumbwi atakutana na Mwera, upepo ambao ukishaamka hata wavuvi wakongwe huvuta vyombo vyao mchangani wakakaa.

Sasa niambieni, wapimaji wa umbali huja lini? Huja kiangazi, gari linapopita. Wanaandika kilomita tano, na kilomita hizo ni za barabara, au za rula juu ya karatasi. Huko juu, Kingerikiti, Tingi na Mpepo, kuna vijiji ambavyo mtu wa huku anaweza kumwita mtu wa kule akaitikiwa, lakini kumfikia ni kushuka korongo na kulipanda upya, na saa nzima imekwenda. Rula hailijui korongo. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na njia ya shule usiyoipita Februari hujui matope yake.

Wazee wa Kimatengo walilielewa jambo hili kabla ya kata, kabla ya tarafa, kabla ya Mjerumani kufika. Walipogawana nchi waligawana kwa ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na vijito, na huo ndio uliokuwa eneo la ukoo. Mpaka wao ulikuwa maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayomzuia mtu kwenda. Mambo ya ukoo yalizungumzwa kwenye sengu, watu wakila pamoja. Sisi wenye ramani za setelaiti na kompyuta tumeshindwa nini kufikia busara hiyo? Orodha ya shule za msingi ingefuata migongo na vijito, nusu ya malalamiko ya kila Januari yasingezuka.

Wala kudai mpaka ubadilishwe si jambo geni kwetu. Kabla Nyasa haijamegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mtu wa Liuli au Chiwindi alilazimika kupanda milima hadi Mbinga mjini kufuata muhuri mmoja. Tulisema ni mbali, na Serikali ikasikia, tukapata wilaya yetu na makao yake hapa Mbamba Bay. Hoja iliyomtosha mtu mzima mwenye nauli inashindwaje kumtosha mtoto asiye na nauli?

Nina binti wa kaka yangu. Alipangiwa shule iliyokuwa mwendo wa saa tatu kutoka kwao, ilhali palikuwa na nyingine ya kata jirani, mwendo wa dakika arobaini. Wiki mbili alitembea. Wiki ya tatu baba yake akampangishia chumba karibu na shule, yeye na wenzake wawili: geto, kama wanavyoliita wenyewe. Mabinti watatu, mlango wa mabanzi, kufuli moja, unga wa muhogo wa wiki nzima kwenye kiroba. Sitasimulia yote. Kidato cha pili hakukimaliza, na mwanawe leo anajifunza kutembea. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mabinti walioacha shule kwa kujifungua waruhusiwe kurudi, nami nilifurahi kwa moyo wangu wote. Binti wa kaka yangu alipojifungua nikamfuata, nikamwambia, mwanangu, rudi ukasome. Akaniuliza, "Baba mdogo, nitapita njia gani? Si ni ileile?" Nilinyamaza. Mpaka leo sijapata jibu la kumpa, na ndiyo maana naandika.

Mtasema dawa ni hosteli. Hosteli ni jambo jema, na penye vijiji vya mbali kweli hakuna budi zijengwe. Lakini kumlaza hosteli mtoto ambaye shule iko dakika arobaini kutoka kwao, eti kwa kuwa shule hiyo ni ya kata ya pili, ni kumtoza mzazi gharama ya makosa ya karatasi.

Nawageukia sasa nyinyi mliojenga. Nayasikia maneno yenu vijiweni: matofali tulifyatua sisi, wao walikuwa wakianika dagaa, leo watoto wao waje kujaza madarasa yetu? Mkono ulioota sugu una haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, fedha nyingi za shule mpya nchini tangu 2021 zimetoka kwenye mradi wa SEQUIP, mkopo wa Dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia. Mkopo huo utalipwa na kila Mtanzania, na mwanika dagaa wa kata ya pili naye yumo. Jasho lenu lilikuwa mchango wa heshima. Halikuwaandikia hati ya kumiliki. Waombeni majirani nao walete mkono sasa, watengeneze madawati, wajenge jiko, wachangie mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Watoto wasirudishwe njiani kwa deni la wazazi.

Kuna na kundi la pili, ambalo halisemi vijiweni. Hawa ni wazazi ambao shule mpya iko mlangoni kwao, lakini wanaikimbia. Maabara haina vifaa, mwalimu wa hisabati ni mmoja, matokeo ya kidato cha nne hayajawahi kutoka. Basi mtoto anahamishiwa kwa bibi yake akiwa darasa la saba, ili jina lake litokee kijiji cha bibi na apangwe shule ya zamani. Simlaumu mzazi kwa kumtakia mwanawe mema. Lakini wenye sauti wakishaondoka, shule mpya inabaki na watoto wa wasio na sauti, na mwalimu wa pili wa hisabati hatakuja kamwe kwa kuwa hakuna wa kumdai.

Hapo ndipo halmashauri inapotakiwa kuonyesha uungwana. Siku orodha inapobadilishwa, siku hiyohiyo walimu wagawanywe, na vifaa vya maabara pia. Nitasema na jambo ambalo halisemwi mikutanoni: ruzuku ya shule huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Mkuu wa shule ya zamani anapopunguziwa wanafunzi anapunguziwa na fedha, wakati paa lake linalovuja ni lilelile. Msishangae basi akivuta miguu. Asipotuliwa mzigo huo waziwazi, mabadiliko yatakwama kimyakimya ofisini na hakuna atakayejua yalikwamia wapi. Na jamani, walioko kidato cha tatu na cha nne waachwe walipo. Wamekwisha kuchagua masomo, wamewazoea walimu wao, mtihani wa taifa unawakodolea macho. Mpaka mpya uanze na kidato cha kwanza.

Mji wetu wa Mbamba Bay nao unabadilika, na hili linanitia hofu kuliko yote. Lami ya kutoka Mbinga, kilomita zipatazo 66, imeshafika ziwani. Ujenzi wa bandari umeleta watu, makao ya wilaya yameleta watumishi. Viwanja vinapimwa, nyumba nzuri zinasimama. Shule iliyo karibu na nyumba hizo itatamaniwa, na siku moja mtu atapendekeza, kwa lugha laini ya kiofisi, kwamba vitongoji vya wavuvi vihamishiwe shule nyingine ili kupunguza msongamano. Wenzetu wa Marekani wamelijua jambo hili kwa machungu. Katika miji yao mingi mistari ya shule ilifuata mitaa, mitaa ikafuata rangi na mfuko wa mtu, hata mahakama zikalazimika kuingilia. Mji wa Boston, Septemba 1974, watoto weusi waliokuwa ndani ya mabasi ya shule walipigwa mawe kwa kuvuka mstari kama huo. Sisi hatuna mabasi, na tangu 1962 sheria yetu iliondoa shule za kibaguzi. Tusiuingize ubaguzi wa vyeo kwa mlango wa orodha.

Muda wa kulitengeneza hili ni mfupi. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi na kuipunguza shule ya msingi iwe miaka sita. Katika mpito huo darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 mikondo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Kenya, walipoanzisha sekondari ya chini mwaka 2023, waliamua madarasa yake yakae ndani ya shule za msingi, karibu na nyumbani. Sisi hatukuchukua njia hiyo, kwa hiyo watoto wetu wote hao watatembea. Orodha isiyofaa kwa mkondo mmoja itafanya nini kwa miwili?

Waheshimiwa madiwani, kaeni wa kata mbili mbili, zile zinazopakana, msikae kila mmoja na kata yake. Afisa elimu na aitembee njia yenyewe mwezi Februari, kwa miguu, akitoka na watoto alfajiri. Na sisi wazazi tunao mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Tusiende kulalamika. Kila mzazi aende na mambo mawili: saa mtoto wake anayotoka nyumbani na saa anayorudi, katika wiki ya mvua. Mtendaji aziandike zote kitabuni, hata za yule mama asiye na saa, atakayesema mwanangu hutoka jogoo wa pili, na hurudi wakati mitumbwi ya dagaa inawasha taa.