Chanjo Kwanza, Leseni Baadaye: Ilani ya Wazalishaji Wadogo wa Mbwa wa Masinga

Sisi tunaozalisha mbwa majumbani, kuanzia Kivaa na Ekalakala hadi Muthesya na Ndithini, tumeungana leo. Hatuna mabanda ya mawe wala vyeti vya ukoo. Tuna jike mmoja au wawili wanaolala chini ya ghala, na watoto wao ndio wanaolinda mbuzi wa jirani na kufukuza nyani shambani. Malipo yetu mara nyingi ni jogoo, mara nyingine ni asante tu.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na leseni za mbwa zimetajwa humo waziwazi. Nairobi ilitunga sheria yake ya mbwa mwaka 2015. Machakos, kaunti yetu, ikitaka kutunga yake, ni haki yake. Tunachokataa ni sheria iliyopimwa kwa mwenye mabanda makubwa, kisha akavishwa mama wa Muthesya mwenye jike mmoja.

Hofu yetu ya sheria kama hiyo ina sababu. Machakos ni miongoni mwa kaunti tano zilizochaguliwa kuanza mkakati wa taifa wa 2014 hadi 2030 wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ili uzuiwe, mbwa 70 katika kila 100 wanapaswa kuchanjwa. Watafiti waliochunguza mbwa wa Machakos hii katika miaka ya 1990 walikuta idadi yao ikiongezeka kwa takriban asilimia 9 kwa mwaka, na waliochanjwa hawafiki hata theluthi. Kila mwaka wanazaliwa wengine ambao hawajaguswa na sindano, na wanazaliwa kwetu, uani. Basi ada ya leseni ikipanda, nini kitatokea? Jike haombi kibali cha kushika mimba. Mwenyewe atawaficha watoto, na mtoto aliyefichwa hapelekwi kwenye chanjo. Sheria ya namna hiyo itaongeza kichaa ikidhani inakizuia.

Kwa hiyo tunadai kipimo cha leseni kiwe idadi ya mizao. Uingereza, tangu Oktoba 2018, anayezalisha mizao 3 au zaidi ndani ya miezi 12 na kuuza watoto ni lazima awe na leseni. Nasi tunataka mstari kama huo: aliye chini yake ajiandikishe bure kwa afisa wa mifugo wa wadi na aonyeshe kadi za chanjo, basi. Chanjo yenyewe ije sokoni na shuleni, kwa sababu kumfunga mbwa kamba na kumpandisha bodaboda hadi mjini si jambo la kumwambia mtu mzima.

Nasi tunajifunga. Hatutamtoa mtoto kabla hajatimiza wiki nane. Mnunuzi atamwona mama yake. Jike hatabebeshwa mimba kila joto linapomjia. Mwenzetu atakayeuza mbwa mgonjwa, tutamtaja sisi wenyewe kabla afisa hajafika.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Rasimu yoyote ya sheria ya mbwa ikija, kikao kimoja kifanyike Masinga, siku ya soko, na isomwe kwa Kikamba.