Nondo si dawa ya jiko la shule



Nina dukuduku kuhusu majiko ya kupikia uji wa wanafunzi.

Kamati nyingi za shule zimeshika imani kwamba chuma kilicho imara katika ujenzi ni imara pia motoni. Hapa kwetu wazazi walichanga fedha, fundi akachomelea nondo za milimita 12 juu ya jiko la kuni, akatuhakikishia kwamba zitazeeka pamoja na shule. Hazikumaliza mihula miwili. Zilikonda katikati, zikapinda kama upinde, na asubuhi moja sufuria ya uji iliinama mbele ya mpishi. Ni Mungu tu hakuungua mtu.

Fundi anasema tununue nondo nene zaidi. Mimi nampinga. Nguvu ya nondo hupimwa ikiwa baridi. Ikifika nyuzi 600 za Sentigredi hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu hiyo, na makaa ya kuni hupita hapo kwa urahisi. Zaidi ya hayo, katika joto hilo oksijeni iliyomo hewani hukitafuna chuma. Yale magamba meusi ambayo mpishi huyafagia pamoja na majivu si masizi, ni nondo yenyewe! Jiko linapopoa gamba hupasuka na kubanduka, kwa kuwa halisinyai sawa na chuma. Kesho yake moto unaanza kula chuma kipya. Unene huchelewesha tu.

Sisemi vyuma vyote ni hivyo. Waya wa jiko la umeme huwa mwekundu kila siku na hudumu, kwa sababu ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao Albert Marsh wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1906. Kromiamu hufanya utando mwembamba unaong'ang'ania waya na kuizuia oksijeni. Lakini bei yake si ya mchango wa wazazi wa kijijini.

Kwa hiyo naomba kamati zikalishe sufuria juu ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo wa mfinyanzi. Tofali limekwisha kupita tanurini, oksijeni haina cha kutafuna humo. Chuma kibaki mlangoni tu. Udongo tunao, na wa kuujenga tunao. Na wanaokuja kukagua shule, wakishamaliza kuuliza stakabadhi za nondo, wachungulie na ndani ya jiko.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni, Tanga.