UCHAMBUZI: Murrow alithubutu, lakini ni nani aliyegharamika?

USIKU wa Machi 9, 1954, mtangazaji Edward R. Murrow wa shirika la CBS alitumia nusu saa ya kipindi chake cha runinga, See It Now, kuwaonyesha Wamarekani Seneta Joseph McCarthy alikuwa mtu wa aina gani. Hakuita wataalamu. Alichukua picha za seneta mwenyewe akihutubia, akicheka na kuwahoji watu, kisha kando ya madai yake akaweka ukweli uliyapinga. Mwishoni alitamka waziwazi kwamba vitendo vya seneta huyo vimewashtua marafiki wa Marekani ng'ambo.

Kila inaposimuliwa historia ya utangazaji wa Marekani, usiku huo hautakosa kutajwa. Ulitengenezewa filamu mwaka wa 2005, na mwaka wa 2025 ukaigizwa jukwaani jijini New York. Lakini simulizi hiyo imezoeleka kuwa ya shujaa mmoja na sigara yake mkononi, na hapo ndipo inapopotoka. Swali zito zaidi ni nani aliyemwachia nafasi ya kusema, na ni nani aliyebeba gharama baadaye.

McCarthy, seneta wa Wisconsin, alianza kuvuma Februari 1950 alipodai mjini Wheeling, West Virginia, kwamba alikuwa na orodha ya Wakomunisti waliojipenyeza katika wizara ya mambo ya nje. Hakuwahi kuithibitisha. Katika miaka hiyo walimu, wasanii na watumishi wa serikali walipoteza kazi kwa tetesi tu. Wanahabari nao hawakusalimika. Mwishoni mwa 1950 CBS iliwataka wafanyakazi wake watie sahihi hati ya uaminifu kwa nchi, na Murrow alitia yake. Isitoshe, wapo waliomkabili McCarthy mapema kuliko yeye, akiwemo mchoraji vibonzo Herblock wa gazeti la Washington Post, aliyemkejeli tangu 1950.

Kwa maoni yangu, kipindi kilichohitaji moyo zaidi ni kile cha Oktoba 20, 1953. Luteni Milo Radulovich, mwanajeshi wa akiba wa Jeshi la Anga aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa ametakiwa kuondoka jeshini. Yeye binafsi hakutiliwa shaka yoyote. Kosa lilikuwa la babake, mhamiaji kutoka Serbia aliyesoma magazeti ya lugha ya kwao, na la dadake aliyedhaniwa kuwa wa mrengo wa kushoto. Ushahidi uliletwa mbele ya jopo la jeshi ukiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, wala luteni na wakili wake hawakuruhusiwa kuuona.

Murrow na mshirika wake, Fred Friendly, waliiomba CBS ikitangaze kipindi hicho magazetini. Ikakataa. Wawili hao wakatoa dola 1,500 mifukoni mwao wakanunua nafasi katika New York Times, na tangazo likachapishwa bila nembo ya CBS. Baada ya wiki chache, Waziri wa Jeshi la Anga alijitokeza katika kipindi hichohicho kusema kuwa Radulovich angebaki jeshini.

Nembo hiyo iliyokosekana yaeleza mengi. Wakuu wa CBS hawakumzuia Murrow, lakini hawakutaka kuonekana wamesimama naye. Ilipofika zamu ya McCarthy miezi mitano baadaye, wawili hao walilipia tangazo tena. Simu, barua na telegramu zilimiminika kwa maelfu, nyingi zikimpongeza mtangazaji. McCarthy alipewa nafasi ya kujibu Aprili 6 na akaitumia kumpaka Murrow tope la Ukomunisti. Hakuna aliyemharibia seneta huyo kuliko alivyojiharibia mwenyewe usiku huo.

Je, runinga ndiyo iliyomwangusha? Kwa sehemu tu. Kuanzia Aprili hadi Juni 1954 shirika la ABC lilipeperusha moja kwa moja vikao vya Seneti kuhusu mzozo wake na Jeshi la Nchi Kavu, na watazamaji wakajionea ubabe wake bila kuhitaji mfasiri. Desemba 2, 1954, Seneti ilimkemea rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Murrow alimkuta ameanza kuyumba, akamsukuma hadharani wakati wengi wenye vipaza sauti walikuwa wangali kimya.

Gharama ilikuja polepole. Mwaka wa 1955 kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, iliyokuwa mdhamini wa See It Now, ilijiondoa. Mwaka huohuo CBS ilianzisha The $64,000 Question, mchezo wa maswali wenye zawadi nono za fedha, na wafanyabiashara wakapigania saa zilizoukaribia. See It Now kikanyang'anywa nafasi yake ya kila wiki, na kufikia Julai 1958 kilikuwa kimezikwa. Oktoba mwaka huo, mbele ya wakurugenzi wa habari waliokutana Chicago, Murrow aliwashutumu wenye vituo kwa kuigeuza runinga kuwa chombo cha kuwaliwaza watu na kuwatenga na ulimwengu wanamoishi.

Naye hakuwa malaika. Novemba 1960 alitangaza Harvest of Shame, kipindi kilichofichua dhiki ya vibarua wanaohamahama katika mashamba ya Marekani. Mwaka uliofuata Rais John F. Kennedy alimteua kuongoza idara ya habari ya serikali kwa mataifa ya nje, na akiwa huko akajaribu kuishawishi BBC isionyeshe kipindi hichohicho. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Idara hiyo ndiyo iliyosimamia Sauti ya Amerika, redio ambayo Idhaa yake ya Kiswahili ilizoeleka sana Afrika Mashariki hadi agizo la Rais Donald Trump la Machi 2025 lilipowapeleka wafanyakazi zaidi ya 1,300 likizo ya lazima na kuyanyamazisha matangazo.

CBS ya Murrow nayo ilijaribiwa upya. Oktoba 2024, Trump, wakati huo akiwania urais, alilishtaki shirika hilo akidai kuwa kipindi cha 60 Minutes kilihariri mahojiano ya Kamala Harris ili kumpendelea. Wanasheria wengi waliona kesi hiyo haina mashiko. Lakini Paramount, kampuni iliyomiliki CBS, ilikuwa ikitafuta kuungana na Skydance kwa mkataba wa dola bilioni 8, na mkataba huo ulihitaji idhini ya FCC, tume ya serikali inayodhibiti leseni za utangazaji. Aprili 2025 mtayarishaji mkuu wa 60 Minutes, Bill Owens, alijiuzulu akisema hakuachiwa tena uhuru wa kuamua.

Hapa ndipo mwaka wa 1954 unapotofautiana na 2025. William Paley, mkuu wa CBS enzi za Murrow, naye alitegemea leseni za serikali na alikuwa na woga wake, lakini utangazaji ndio uliokuwa uhai wa biashara yake, na sifa ya idara ya habari ilikuwa sehemu ya mtaji wake. Kwa Paramount, yenye studio za filamu na biashara nyingine chungu nzima, chumba cha habari kiligeuka kizuizi katika mauzo makubwa.

Julai 2025 Paramount ilikubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi, bila kuomba radhi. Julai 24, FCC iliidhinisha muungano huo, baada ya Skydance kuahidi kuajiri afisa wa kuchunguza malalamiko ya upendeleo katika habari za CBS.